Taa Uliyoizima Kanisani Kalamba

Kalamba, kinuni, Jumatatu, jua likiwa bado juu.

Mueni,

Usitafute salamu hapa. Salamu zangu ziliisha jana kanisani na mpaka sasa sijapata nyingine. Uko hapo nyumbani, ng'ambo tu ya ua, nakusikia ukimwambia mama yako mdogo kwamba sanduku halifungi, nami niko huku kwenye kinu nakuandikia kama mtu aliye nchi nyingine. Ndege yenyewe haijaruka na tayari tunaandikiana. Lakini nikiingia humo ndani kuzungumza nitapaza sauti, na majirani watakuja, na majirani wamesikia ya kutosha.

Mambo ya sweta, na usile nini, na usitembee na nani, hayo waachie akina mama. Wameyaanza tangu asubuhi na hawajafika hata katikati. Mimi nina hasira, na hasira ndiyo nitakayoandika, kwa sababu kesho asubuhi kabla gari halijapita natakiwa nikutemee mate kiganjani uende nayo, kama baba yangu alivyonitemea mimi na marehemu baba yako tulipotoka hapa mara ya kwanza. Pasta hapendi mambo hayo, lakini Pasta hakukulea. Nawe unajua vizuri kwamba mtu hatoi mate ya baraka akiwa amekasirika. Anachotoa ni ile hasira, na mtoto anaondoka nayo mkononi. Kwa hiyo ni lazima initoke leo. Kama haitoki, utapanda gari kiganja kikiwa kikavu, na sijawahi kuona mtoto wa mji huu akisafiri hivyo.

Nianze na unga. Kinu hiki leo hakijasaga hata gorogoro moja ya mahindi. Injini ni nzima, dizeli ipo, mimi nipo. Watu hawaji. Aliyekuja asubuhi ni yule kijana wa Nzioka, na hakuja na mahindi. Amesimama mlangoni, amevua kofia kama mtu mwenye adabu, akasema, "Mzee Kyalo, punda wetu amepotea tangu juzi. Hebu tuwashie ile taa tumtafute." Nikamtoa na ufagio. Akaenda akicheka mpaka madukani, na huko nikasikia wengine wakipokea kicheko kama watu wanaopokezana mtungi.

Wewe unanijua mimi ni nani hapa. Mimi nilikuwa turniboi wa lori la pamba kabla hujazaliwa. Lile lori lilipokatika breki kwenye mteremko wa kushuka Athi, dereva aliruka, nami nikabaki, nikalisimamisha kwa jiwe na mguu huu wa kushoto. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini ni lile darasa la nne la zamani, ambalo lilikuwa na fimbo zaidi ya chuo kikuu chenu chote. Miaka yote watu wa Kalamba wamecheka nikiwa nimesimama mbele nawachekesha. Jana ndiyo mara ya kwanza wamecheka nikiwa nimekaa.

Sasa turudi mahali kosa lilipoanza, na lilianza kwako. Mwaka ule wa baada ya njaa ya mahindi ya njano uliniandikia nikuletee udongo mwekundu wa nyuma ya kinu. Nikaujaza kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaja nao Nairobi mpaka kwenye geti la chuo. Askari akauliza ni nini, nikamwambia ni dawa ya profesa, akanipigia saluti. Sawa, hakupiga saluti. Alifungua geti.

Ukanipeleka kwenye kile chumba chenu chenye harufu ya betri ya lori. Mimi ni mtu wa unga, Mueni. Nimesaga mahindi, mtama, wimbi, hata mhogo uliokauka kama kuni. Nilipokuona unasaga udongo wetu kwa kale kakinu kama ka kusagia pilipili, nikakuambia unga wako una chenga. Ukausaga tena. Ukaukandamiza kwa chuma mpaka ukawa kitu chembamba kama ukucha, ukakitia ndani ya chupa yenye madirisha pande mbili. Dirisha moja likawa na ukungu. Nikalamba kidole nilipanguse, ukanipiga mkono. Mimi, niliyekulea. Ukasema madirisha hayo yamekatwa kwa chumvi, kwa sababu kioo kinauzuia ule mwanga wako, na mate yangu yangeyayeyusha yote.

Ukaniambia mwanga wenyewe macho hayauoni. Ni ule unaochoma uso ukikaa karibu na jiko hata kama hakuna mwali. Ati unapita kwenye ule udongo mwembamba, na kila kitu kilichoushika udongo kinakula fungu lake la mwanga, fungu ambalo kingine hakiligusi. Halafu kalamu ya mashini inachora kilicholiwa. Nikasema kumbe ni kama harusi. Ukiangalia sufuria zilizobaki tupu unajua ni wageni gani walikuja. Ukacheka. Siku hizo ulikuwa unacheka na mimi.

Kalamu ikaenda, ikaenda, ikashuka ghafla na kuchora bonde pana kama la Athi. Nikauliza bonde hilo ni la nini. Ukasema, na haya ni maneno yako, usiyakane mara ya pili, "Hayo ni maji, baba mdogo. Udongo uwe mkavu namna gani, maji yameushika."

Mueni. Unamwambia mtu wa Kalamba kwamba una mashini inayoona maji ndani ya udongo mkavu wa Kalamba, halafu unatarajia arudi nyumbani aseme nini?

Ile barua ya Uingereza ilipokuja, kwamba watakusomesha lakini nauli ujitafutie, ni nani aliitisha harambee? Pasta alisimama akaniuliza mbele ya watu mtoto anakwenda kusomea nini. Watu wenyewe ni hawa waliokuwa wametoka kufukua mchanga wa mto tangu alfajiri kupata mtungi mmoja wa maji ya matope. Niwaambie tunaomba kuku wenu ili msichana akaangalie hewa iliyokaa juu ya kutu, ile inayofanya udongo wetu uwe mwekundu? Nikawaambia unakwenda kusomea taa inayoona maji. Basi wakanitazama. Hujawahi kutazamwa hivyo, wewe. Nikaongeza kidogo. Nikasema inaona mpaka chini ya jiwe. Nikasema Wazungu wanaificha. Hapo pa Wazungu nilipitisha kipimo, nakubali.

Lakini walitoa. Wa Kathonzweni walikuja na ndengu, wale wa mtoni wakaja na kuku. Syombua, yule mjane wa chini karibu na mchanga, ambaye hana kitu, alikuja akimvuta yule mbuzi wake mweupe wa sikio lililochanika, mbuzi wa maziwa. Nauli yako imetembea kwa miguu ya mbuzi yule.

Ikafika jana, ibada ya kukuombea. Kila kitu kilikwenda vizuri. Nilikuwa nimevaa koti. Pasta akaomba, kwaya ikaimba, halafu Syombua akasimama pale nyuma na kuuliza, bila ubaya wowote, ukirudi na ile taa utaanzia kwa nani, kwa sababu shimo lake ndilo la mwisho kabisa na huwa linakauka la kwanza. Ungesema nitaanzia kwako. Ungesema tutaona. Ungekohoa. Mimi ningeinuka nikaanzisha wimbo.

Wewe ukaenda mpaka mbele, ukashika meza ya Pasta, ukasema, "Samahani, mama. Taa yangu haioni maji ya chini. Naenda kusomea ile hewa ya jiko iliyomuua baba yangu, nijue ikishika kwenye udongo inageukaje."

Ukarudi ukakaa. Karibu yangu, tena. Mkono wako ulikuwa pale kwenye benchi kati yetu na sikuushika.

Mtu mmoja nyuma akasema "Kyalo" polepole, kama mtu anayeita mbwa aliyekula mayai, na kanisa likacheka. Ukadhani hasira yangu ni ya kicheko hicho. Mama yako mdogo naye anadhani hivyo. Ameniletea uji nusu saa iliyopita akaniambia watasahau kabla ya mavuno. Najua watasahau. Nitawapa hadithi nyingine wasahau.

Hasira yangu ni kwamba hilo la baba yako nililisikia kanisani. Nililisikia pamoja na mtoto wa Nzioka.

Mutinda, baba yako, alikuwa kaka yangu. Tulilala ngozi moja mpaka nilipoota ndevu. Alipokwenda Nairobi kufanya useremala, nilimsindikiza mimi. Alipokufa kwenye kile chumba chake, mwezi wa saba, baridi, dirisha limezibwa kwa gunia na jiko liko kati ya kitanda na mlango, nilikwenda kumchukua mimi. Umesikia mara nyingi nilivyong'oa mlango ule wa chuma kwa bega. Mlango ulikuwa wa mbao, na nilipofika majirani walikuwa wameshauvunja tangu jana yake. Kilichobaki kwangu ni kulitoa lile jiko nje. Lilikuwa limejaa majivu meupe, safi, yamekaa vizuri. Nililitupa kwenye mtaro, na mpaka leo, umeona, mama yako mdogo hapiki kwa makaa kwenye nyumba hii.

Mama yako alirudi kwao Kanyangi, ukabaki kwangu, mdogo, unauliza. Nikakuambia baba yako aliumwa na kichwa akalala. Si uongo, jirani yake aliniambia alilalamikia kichwa jioni ile. Ukaacha kuuliza nami nikafurahi, nikadhani jambo limeisha. Nilidhani mtoto akiacha kuuliza amesahau. Hilo ni kosa langu, liandike huko unakoandika makosa yangu, lakini usiliweke la kwanza.

La kwanza ni lako, na nitakuambia ni lipi. Siku ile ya mkebe wa udongo, baada ya lile bonde la maji, ukawasha umeme ukaupasha udongo moto, na pampu ikanyonya, ikanyonya, ukaniambia ni lazima maji yaondoke kwanza, kwa sababu yakiwa yamejaa pale hakuna kingine kitakachopata mahali pa kukaa. Kalamu ikachora tena na bonde likawa limejaa, limebaki tambarare. Halafu ukafungulia hewa kutoka kwenye mtungi wa chuma. Kalamu ikachora meno mawili madogo. Ukasema, "Hii ni hewa ya mkaa, baba mdogo. Ile ya jiko."

Ukaniangalia.

Sasa najua ulikuwa unaniangalia namna gani. Wakati ule nilidhani unangoja hadithi, na mimi, ukinitazama, hadithi inatoka yenyewe. Nikakupa ile ya tanuri za mkaa za kule Kibwezi, simba alipokuja kuota moto upande wa pili na mimi nikamwachia nafasi kwa sababu alikuwa na mafua. Nilipomaliza ulikuwa umeshageukia mashini. Ukasema, lakini sauti ikiwa imeshuka, kwamba yale meno yanapungua, na tazama, mahali pengine limeota jingine, na hilo ni la hewa hii tunayoitoa puani, ambayo haiui mtu kama ile. Imeingia moja, imetoka nyingine, na kilichoigeuza ni udongo wa nyuma ya kinu. Mimi nikajibu nini? Nikajibu udongo wetu ni kiboko. Nikauliza chakula kiko wapi.

Kwa nini hukunikamata shati? Kwa nini hukusema, Kyalo, nyamaza, nazungumza habari za baba yangu? Ulinipiga mkono kwa sababu ya dirisha la chumvi, hukunipiga kwa sababu ya Mutinda. Ningenyamaza. Ni kweli watu hawajawahi kuniona nikinyamaza, lakini ningenyamaza. Ningesimama mbele ya kalamu ile nikaangalia meno yale mpaka giza. Miaka hii yote nimebeba hewa nisiyojua sura yake, haina harufu, haina rangi, imeingia ikamchukua kaka yangu ikatoka, na wewe ulikuwa nayo pale kwenye karatasi, imechorwa kwa wino, nami nikaipita nikienda kutafuta chapati.

Kwa hiyo huko unakokwenda, ukiwa na jambo na mtu anaongea, usingoje amalize. Watu kama mimi hatumalizi. Vunja maneno yake katikati. Atakasirika, na hasira hiyo ni nyepesi kuliko hii niliyo nayo.

Na ukinyamaza kwa mwaka, usije ukalisema mbele ya watu siku ya kuaga. Lile neno la kanisani lilikuwa langu kwanza. Wao ungewapa baadaye.

Ulinieleza kwamba kuna vinavyokaa juu ya udongo kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi, pampu ikivuta kidogo vimekwenda. Na kuna vinavyoshika kwelikweli, mpaka utie moto mkali, na hivyo vikitoka si vile vilivyoingia. Nimekaa hapa tangu saa nane nikipima hasira yangu. Ile ya punda imekwenda. Ya koti nililovaa bure imekwenda. Iliyobaki ni ya meno mawili.

Nilikuwa nimefika hapo, na nilikuwa nataka kukuandikia maneno makali ambayo nimeyaacha, Syombua akaingia. Hakuwa na mahindi naye. Nikasema basi, amekuja kudai mbuzi. Nikaanza kumweleza kwamba taa ina aina mbili, kuna ya kwanza na kuna ile kubwa wanayoitengeneza bado. Akaniinulia mkono kama anayefukuza inzi.

"Kyalo, wacha hiyo. Hewa ya jiko inanuka?"

Nikamwambia hainuki.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akakaa kwenye gunia. Akasema mwanawe yuko Nairobi, chumba kimoja, na barua yake ya mwisho ilisema baridi ni kali lakini amenunua jiko zuri, analala nalo. Alifurahi barua ile iliposomwa, Mueni. Aliniambia alimwombea yule aliyelitengeneza. Jana usiku hakulala. Akasema mbuzi abaki alikokwenda. Anachotaka ni wewe upite kwa huyo kijana kesho kabla ya kwenda uwanja wa ndege, umwambie kwa mdomo wako afungue dirisha, kwa sababu mama yake akimwambia atadhani ni mambo ya wazee, na mimi nikimwambia, akasema hivi akinitazama machoni, "wewe nani atakuamini?"

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nimeketi kwenye kinu hiki miaka mingi nikiwaambia watu hawa kila kitu, simba, breki, milango ya chuma, na jambo moja nililolijua kweli, ambalo lingemfungulia mtu dirisha, sikuwaambia hata siku moja. Niliwapa maji ambayo hayapo. Nakasirika tena nikiandika hivi, na safari hii si kwako, kwa hiyo usijitie katikati.

Jina la mtaa wa huyo kijana utalikuta kwenye karatasi iliyokunjwa, mfuko wa pembeni wa sanduku lako. Usilipite. Umkute hayupo, ungoje.

Sasa jua linashuka na mama yako mdogo ananiita. Nitakuja nile, na nitanyamaza, na usiogope kunyamaza kwangu, nafanya mazoezi.

Kesho asubuhi njoo hapa kinuni kabla gari halijapiga honi. Kiganja kiwe wazi. Nikishatema usipanguse kwenye gauni. Ufumbe mkono hivyo hivyo upande, yakaukie humo. Nimekutilia pia udongo wa nyuma ya kinu, mkebe ule ule, uko chini ya viatu, na ndiyo maana sanduku halifungi, kwa hiyo acha kumlaumu mama yako mdogo. Ukifika kwenye mashini yao, udongo huo uushike kwanza kwa kiganja hicho, halafu usage vizuri, usiache chenga, na uangalie lile bonde la kwanza, la maji, kabla hujalikausha. Uwe mbali na madirisha ya chumvi mpaka mkono ukauke, nisije nikalaumiwa Uingereza.

Na mimi huku nitasimama kanisani niwaambie watu wa Kalamba kwamba taa ya Mueni imeona maji yaliyotoka hapa. Hutakuwepo kunikana. Na hata ungekuwepo, usingeweza.

Mimi baba yako,
Kyalo